Gari Moshi Limefika Kisii, Juu ya Rafu

Reli haijapata kufika Kisii. Wakoloni walianza kutandika chuma Mombasa mwaka 1896, wakafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, na njia yao yote hiyo iliiacha kando milima ya Wagusii. Hata leo mtu wa Kisii au wa Nyamira anayetaka kupanda gari moshi hana budi apande matatu kwanza. Basi haishangazi kwamba jirani yangu, alipobisha hodi usiku mmoja nilipokuwa nimekwisha kusali Isha, nusura amwage kahawa niliyompa alipoona injini ndogo nyeusi inavuta mabehewa matatu juu ya rafu, ukutani, juu ya kitanda changu.

"Mzee," akaniuliza, "hili linakwenda wapi?"

"Kilindini," nikamjibu.

"Na litafika saa ngapi?"

"Halifiki. Likifika mwisho wa ubao linarudi."

Akakaa juu ya kigoda, akanitazama kama mtu aliyekuja kumzuru mgonjwa. "Mzee, usinichukie nikisema. Huku kwetu ndugu wa tumbo moja wanashtakiana kwa futi mbili za mpaka. Nawe futi chache ulizo nazo umezitia mchezo wa watoto."

Usiku ule sikuwa na jibu la kumpa. Makala haya ndiyo jibu lenyewe, ingawa limechelewa, na ninaliandika hapa kwa sababu najua wako wengi huko kwetu pwani ambao wangesema kama yeye.

Jirani yangu hakutia chumvi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, yaani zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita moja ya mraba, na katika Kaunti ya Nyamira watu 605,576. Baba mwenye eka mbili na wana watano, ukigawa, utajua mwenyewe wajukuu watarithi nini. Huku ardhi haisemwi kwa mzaha. Mtu ambaye hana cha kupika jioni, ndugu msomaji, makala haya si yake, wala sithubutu kumfundisha lolote. Lakini futi zangu hizi sikumnyang'anya mtu. Ni hewa iliyokuwa juu ya kitanda, haina kazi, isipokuwa pengine buibui.

Mimi ni mtu wa Mombasa niliyeletwa Kisii na kazi ya duka. Chumba changu ni cha kupanga, futi kumi kwa kumi na mbili, na ndani yake mna kitanda, kabati, jiko la gesi, madumu ya maji na mahali pa msala. Huko kwetu neno uraibu huwakumbusha watu tambuu na tumbaku. Wengine siku hizi hulitumia kwa kila jambo ambalo mtu hulifanya kwa mapenzi yake baada ya kazi. Basi uraibu wangu ni huu, wa kuunda reli ndogo. Marehemu baba yangu alikuwa gadi wa reli, tangu siku za shirika la Afrika Mashariki mpaka lilipovunjika mwaka 1977, kisha akaendelea na shirika la Kenya. Hiyo nayo ni sehemu ya sababu, na nitairudia.

Kwanza tuzungumze vipimo, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa kabla ya kuanza. Wanaounda reli ndogo hupunguza kila kitu kwa kadiri moja. Ulaya na Marekani wengi hutumia kipimo kinachoitwa HO, ambacho hupunguza mara 87. Waingereza wana chao, OO, cha mara 76. Kiko cha N, mara 160, na kiko kidogo zaidi, Z, cha mara 220, ambacho kampuni ya Kijerumani ya Märklin ilikitoa mwaka 1972. Nafasi kati ya vyuma vyake viwili ni milimita 6 na nusu tu. Mtu husikia habari za Z akadhani tatizo la nafasi limekwisha. Halikwisha. Ukichukua reli yote ya Mombasa mpaka Kisumu, ambayo ni zaidi ya kilomita 900, ukaipunguza mara 160, bado utahitaji zaidi ya kilomita tano na nusu. Ukoo mzima wa Kigusii ukikupa mashamba yao hutaimaliza.

Kosa la pili ni la duara. Kila anayeanza hutaka gari lake lizunguke. Kwa kipimo cha OO, kona iliyo ndogo kuliko zote za kununuliwa dukani hufanya duara lenye upana wa sentimita 74 hivi kutoka chuma hadi chuma, na ubao wake lazima uzidi hapo. Katika chumba changu duara hilo lingekaa juu ya kitanda, nami ningelala chini. Na baada ya mizunguko ishirini utachoka kulitazama, maana gari linalozunguka halina kazi. Gari moshi la kweli lina kazi: lina mzigo, lina mahali pa kuutoa na mahali pa kuupeleka.

Kosa la tatu nalikuwa nalo mimi mwenyewe. Nilitaka injini kubwa. Wazee wa Makupa na Changamwe watazikumbuka zile Garratt za daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa 34, kila moja imepewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, kila moja na uzito wa zaidi ya tani 250, na hapakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda katika reli za upana wa mita moja duniani kote. Mpaka leo unaweza kuiona Mount Gelai katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Urefu wake unakaribia mita 32. Punguza mara 76, bado ni sentimita 42. Ubao wangu una futi tano. Injini kama hiyo ikiingia, mabehewa yatakaa wapi? Ilinichukua mwezi mzima kukubali. Mwenye nafasi ndogo lazima aache kitu anachokipenda ili apate kingine kinachofaa, na hilo la kuacha ndilo gumu, si ufundi.

Nikachagua basi uwanja wa mizigo, na injini ndogo kama zile za kupanga mabehewa bandarini. Mpwa wangu aliyeko Uingereza alininunulia iliyokwisha kutumika. Bei yake sitaitaja, mke wangu naye husoma gazeti hili. Wajuzi watanikamata kwamba reli ya OO ina milimita 16 na nusu kati ya chuma na chuma, na ukizidisha mara 76 unapata mita moja na robo, wala si mita moja kama reli yetu ya zamani. Ni kweli. Lakini si sawa na reli pana ya Waingereza wenyewe pia, ambayo ni milimita 1,435, kama hii ya SGR yetu. Wao wameishi na kosa hilo miaka mingi na hawajafa. Anayetaka usahihi achukue kipimo cha mara 87 juu ya reli ya milimita 12, au cha mara 160 juu ya reli ya Z, atakaribia sana mita moja.

Sasa, utachezea nini katika futi tano kwa futi moja? Hapa ndipo natamani kila mzee wa baraza anisikilize. Mwingereza mmoja, Alan Wright, alibuni uwanja mdogo uitwao Inglenook Sidings. Una njia tatu tu zinazoungana kwa pointi mbili. Njia ya kwanza inachukua mabehewa matano, ya pili matatu, ya tatu matatu, na kule mbele pana nafasi ya injini na mabehewa matatu, hapazidi. Mabehewa yote ni manane. Unaandika jina la kila behewa katika kadi, unachanganya kadi, unavuta tano bila ya kutazama. Kazi yako ni kuyapanga mabehewa hayo matano katika njia ile ndefu, kwa mpangilio uleule ambao kadi zimetoka, huku yale matatu yaliyobaki hayana pa kwenda ila njiani mwako. Hesabu ya mipangilio inayoweza kutokea ni 6,720. Ukicheza mmoja kila usiku utamaliza baada ya miaka kumi na minane.

Anayejua bao atafahamu upesi utamu wake. Huhangaiki na mkono wa leo. Unahangaika na kile ambacho mkono wa leo utakifunga baada ya mikono mitatu. Tofauti ni kwamba katika bao una mtu wa kumlaumu.

Umeme si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Injini hizi hutumia umeme wa volti 12 unaokwenda upande mmoja, na hizo ndizo volti za betri ya gari. Kisii mvua ni nyingi na umeme hukatika. Mimi nina betri iliyotolewa garini, nimeipitisha kwenye kidhibiti cha kupunguza na kuongeza mwendo, na katikati nimetia fyuzi. Fyuzi usiidharau. Betri ya gari ikigusana waya kwa waya huyeyusha waya na yaweza kuunguza nyumba. Vyuma navyo lazima vipanguswe kwa kitambaa na spiriti kidogo, maana vikichafuka injini husimama kama punda.

Mataruma na pointi nilinunua. Kilichobaki nilikipata huku huku, na hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba Kisii ni mahali pazuri kwa kazi hii kuliko Mombasa. Kusini-magharibi mwa mji wa Kisii pana Tabaka, kwenye machimbo ya mawe ya sabuni. Msomaji wa Mombasa anayajua mawe haya hata kama hajui yanakotoka: ndiyo yale masahani, ndovu na viboko vya rangi ya maziwa na ya waridi vinavyouzwa kwa watalii karibu na Fort Jesus. Jiwe likitoka chini likiwa na unyevu hukatika kwa msumeno na kuchongeka kwa kisu. Kisha husuguliwa kwa msasa ndani ya maji, na mwisho hutiwa nta. Usilisugue kavu, vumbi lake halifai kuingia mapafuni.

Nilimpelekea fundi mmoja picha ya ghala la mizigo. Akaitazama, akaniuliza kwa nini sitaki kiboko. Nikamwambia viboko vimekwisha kuwa vingi. Tukapiga hesabu pamoja juu ya kipande cha karatasi: mlango wa mita mbili unakuwa milimita 26, dirisha la mita moja milimita 13. Alicheka, akasema hajapata kuchonga kitu ambacho lazima kitoshee kitu kingine. Baada ya wiki mbili akaniletea ghala, na ukuta wake, na ngazi tatu za mlangoni ambazo sikumwomba. Ngazi hizo ndizo nzuri kuliko vyote. Makombo ya jiwe niliyaomba bure. Yamekuwa kokoto kati ya mataruma, na mzigo katika behewa moja.

Mafundi wa Tabaka wamefungwa na soko la mtalii, na mtalii hutaka ndovu. Ugonjwa wa korona ulipozuia safari mwaka 2020 sote tuliona jinsi kamba hiyo ilivyo nyembamba. Wako watu duniani, Uingereza, Ujerumani, Marekani, Japani, ambao hununua vijumba, kuta, madaraja na stesheni kwa ajili ya reli zao ndogo, na wengi wa hivyo ni plastiki. Sisemi Tabaka itatajirika kwa maghala ya milimita 26. Nasema mkono unaojua kuchonga ndovu unaweza kuchonga stesheni ya Voi, na hakuna aliyemwomba.

Na si Tabaka tu. Njia ya Nyamira, karibu na Kebirigo, nilimwona mvulana akisukuma lori la waya, la kubebea majani ya chai, magurudumu ya kandambili, usukani wake waya mrefu hadi kifuani. Ekseli ya mbele ilikuwa inakata kona barabara. Nikamwuliza ameipimaje. Akasema ameitazama ya lori la kiwanda. Mtoto huyo akifika umri wa miaka kumi na mitano ataambiwa aache upuuzi, na mikono iliyopima ekseli kwa macho itawekwa mfukoni. Tunawaambia watoto wetu kwamba kuunda vitu vidogo ni utoto, kisha tunalalamika kwamba hatuna mafundi wa vikubwa.

Huko pwani najua swali jingine litakuja, la sanamu. Mimi sitoi fatwa. Hayo yana wenyewe. Katika ubao wangu hamna watu. Kwanza roho yangu haikutaka, na pili mtu wa milimita 23 hachongeki. Uwanja wa mizigo saa ya mchana, jua kali, watu wote wamekwenda kula, nani atauliza? Ama kuhusu kupoteza wakati, nina saa moja baada ya Isha. Mtu anayekosa sala kwa ajili ya behewa ana shida isiyokuwa ya reli.

Nilisema nitarudi kwa marehemu baba. Nilipoanza kuchora uwanja wangu nilitaka uwe ule wa Mombasa kama alivyokuwa akinipeleka nikiwa mtoto. Nikakwama mahali pamoja: tangi la maji lilikuwa upande gani wa banda? Nalikuwa nikilipita kila Jumamosi. Yeye hayupo wa kumwuliza. Nikawapigia simu wastaafu wawili waliofanya kazi naye. Nikawaunganisha, wakabishana dakika arobaini, mmoja akisema upande wa bahari, mwingine upande wa bara, mpaka salio langu likaisha. Safari za abiria za reli ile ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa zilikoma mwaka 2017, SGR ilipoanza na stesheni ikahamia Miritini. Katika miaka hiyo michache tayari tangi zima limepotea katika vichwa vya watu watatu waliolipenda.

Na ya zamani zaidi? Mwaka 1890 Kampuni ya Imperial British East Africa ilianza reli nyembamba ya futi mbili, haikufika mbali ikaachwa, na vyuma vyake vikaja kutandikwa katika mitaa ya Mombasa. Juu yake vilipita vitoroli vyenye viti na paa la turubai, vikisukumwa na watu, wakubwa wakipelekwa kati ya mji na Kilindini, mpaka magari yalipovifukuza katika miaka ya 1920. Unguja nako, tangu mwaka 1905, gari moshi la Bububu lilikuwa likipenya vichochoro vya mji, kilomita kama 11 hadi Bububu, likabeba abiria mpaka mwaka 1922. Hivi ndivyo vitu vya mtu mwenye nafasi ndogo! Mtaa mmoja, ukuta wa ngome, njia moja ya chuma, kitoroli kimoja. Kwa kipimo cha mara 76 reli ya milimita 9 itatosha, na kipande cha mtaa kitakaa juu ya kabati la vyombo. Vitabu vya reli yetu vimejaa simba wa Tsavo na wahandisi wa Kizungu. Aliyekuwa akisukuma kitoroli, na alipumzika kivuli gani, hilo hulioni vizuri mpaka ujaribu kuliunda na ukute hujui.

Jirani yangu amerudi mara kadhaa. Kesi yake ya mpaka bado haijaamuliwa, naye hupenda kuvuta kadi kuliko kuendesha. Juzi alivuta simenti, chai, magadi, mafuta, kahawa, kwa mpangilio huo, na simenti ilikuwa nyuma kabisa ya njia ya tatu. Aliniambia nisimsaidie. Umeme ukakatika, akataka tuendelee kwa betri na tochi ya simu. Saa nne na nusu mkewe akamwita dirishani.

Nimekwisha kununua ubao wa pili, futi tatu kwa nusu futi, kwa ajili ya kitoroli cha Mombasa. Kuta nitazichonga kwa jiwe la Tabaka jeupe. Sijui paa la turubai lilikuwa na rangi gani, kwa kuwa picha nilizoziona zote ni nyeusi na nyeupe. Msomaji ambaye bibi yake au babu yake alipata kumhadithia, aniandikie kwa anwani ya gazeti hili. Na yule mwenye picha ya uwanja wa mizigo wa Mombasa, tafadhali sana, atazame kama tangi linaonekana.